Kabla hujataja bei ya glovu, uliza pori lina nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote WhatsApp ni hili: "Dada, una glovu ngumu?"

Swali fupi, lakini ndilo linalowamaliza wauzaji wengi wa vifaa vya shamba mtandaoni. Muuzaji anajibu haraka, "Zipo boss, ngumu kabisa," anatuma picha, anataja bei, hela inaingia kwenye simu. Siku ya tatu mteja anatuma picha ya glovu iliyochanika kati ya kidole gumba na cha shahada, na maneno ya chini ya picha hayafai kuandikwa hapa. Mteja huyo harudi. Na kwenye kundi lao la wamiliki wa mashamba ameshakutangaza.

Mara nyingi glovu ile haikuwa mbovu. Ilipelekwa kwenye kazi isiyo yake. Glovu "ngumu" kwa kubeba kokoto siyo "ngumu" kwa kuvuta matawi ya mgunga, na zote mbili hazifai kwa mtu anayepiga dawa ya magugu. Kwa hiyo ukiniuliza siri ya kuuza glovu zinazodumu, nitakwambia ni moja: uliza pori kwanza, bei baadaye. Leo naeleza ninavyofanya mimi nikiwa hapa Lugoba. Hata kama unauza kitu kingine, utapata cha kuchukua.

KWA NINI GLOVU, NA KWA NINI LUGOBA

Lugoba ipo Halmashauri ya Chalinze, mkoa wa Pwani, kilomita kama 20 kutoka Chalinze mjini ukielekea Msata na Segera. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha yanayopita Chalinze yanapita mlangoni kwetu. Ukifika Msata unakata kulia kuelekea Bagamoyo, na njiani unapita Kiwangwa, kwenye mananasi.

Sasa angalia soko lilivyo. Kuna wenyeji wanaofungua mashamba kabla ya mvua: kabla ya vuli inayoanza Oktoba, na kabla ya masika inayoanza Machi. Kuna watu wa Dar walionunua eka zao huku, wakaziacha miaka mitatu, minne, leo ni msitu na wanataka kupanda korosho au kuweka uzio. Kuna wakulima wa mananasi. Na kuna machimbo ya mawe na kokoto, ambayo Lugoba inajulikana nayo hadi Dar.

Wote hao wanatumia mikono, na wote wanakuja na neno lilelile, "glovu ngumu". Kazi yako wewe muuzaji ni kulifungua hilo neno.

MASWALI MANNE NINAYOULIZA KABLA YA KUTAJA BEI

Siulizi kwa ubabe. Naandika kirafiki: "Zipo kaka. Nisaidie nikupe inayokufaa." Halafu nauliza:

1. Shamba lina nini? Miiba, nyasi ndefu, upupu, visiki, mawe?
2. Mtafyeka kwa panga na fyekeo, mtang'oa visiki, mtachoma moto, au mtapiga dawa?
3. Kazi ni ya siku ngapi, na watu wangapi?
4. Nani atavaa? Naomba namba yake kama siyo wewe.

Swali la nne wauzaji wengi hawaliulizi, na kwa huku kwetu ndilo la muhimu kuliko yote. Anayelipa yuko Dar, anayevaa yuko shambani Lugoba. Anayelipa anaangalia picha na bei. Anayevaa anaangalia kama vidole vinakunja na kama mkono unaungua kwa joto la saa sita. Ukimridhisha anayelipa peke yake, glovu zitaishia kutundikwa mtini huku kijana akifyeka mikono mitupu. Mwisho wa siku bosi anauliza, "Zile glovu vipi?" Anajibiwa, "Hazifai." Jina lililochafuka ni la kwako.

PORI LA HUKU LINAUAJE GLOVU

Mgunga na kikwata. Miiba mirefu ya mgunga inapenya, na ile ya kikwata iliyopinda kama ndoano inashika na kuchana. Glovu ya nyuzi mbele ya miiba hii ni kama hujavaa kitu. Hapa unahitaji ngozi, na ngozi iwe nzima kwenye kiganja na kwenye vidole vyote, siyo kiraka cha ngozi juu ya kitambaa.

Mkulagembe. Jina lenyewe linasema: unakula jembe. Unaota kwa vichaka vizito, hasa kwenye ardhi iliyochungiwa sana, una miiba, na ukiukata unachipua tena kutoka mizizini. Kwa hiyo watu hawaukati tu, wanaung'oa. Kung'oa maana yake ni kuvuta na kusugua kwa siku nyingi. Glovu inakufa kwa kusuguliwa zaidi ya kuchomwa.

Upupu. Hapa adui siyo mwiba, ni vinyweleo vya kwenye maganda. Kiangazi maganda yakikauka, ukigusa tu vinapeperuka. Vinanasa kwenye glovu za nyuzi, vinapita kwenye matundu, na mkono unawasha glovu ikiwa bado mkononi. Upupu unataka glovu laini isiyo na matundu mgongoni, na ndefu ipande juu ya kifundo cha mkono, ikutane na shati la mikono mirefu.

Mnyaa. Upo sana kwenye mipaka na nyua za zamani. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Glovu inakinga mkono, lakini kijana akijifuta jasho usoni kwa glovu ileile amejimalizia mwenyewe. Hili namwandikia kila mteja mwenye mnyaa shambani: kitambaa cha jasho kiwe pembeni, glovu isiguse uso.

Mawe na visiki. Mawe ya Lugoba yana makali. Anayepakia mawe au kokoto, glovu yake inaliwa kwenye ncha za vidole na kiganjani. Anayechimbua visiki anaumizwa na mpini wa sululu, malengelenge kabla hata hajachoka.

Mananasi ya Kiwangwa. Majani yana meno pembeni na ncha kali mwishoni. Mkono unaokwaruzwa siyo kiganja tu, ni hadi karibu na kiwiko. Glovu fupi ya bei mbaya haimsaidii mtu huyu kama glovu ndefu ya bei ya kawaida.

AINA ZILIZOPO SOKONI, NA KILA MOJA INAFIA WAPI

Ukiingia Kariakoo upande wa Gerezani kwenye maduka ya vifaa utakuta aina nyingi, lakini kwa kazi za shamba zigawe hivi.

Za nyuzi zenye nukta nukta za plastiki. Bei ya chini kuliko zote. Nzuri kwa kushika mpini, kubeba mbao, kukusanya nyasi. Kwenye miiba hazina kazi. Zikilowa zinakuwa nzito. Usiziite "ngumu" hata siku moja.

Za nyuzi zilizopakwa mpira kiganjani. Zinashika vizuri, vidole vinakunja, mgongo unapumua. Kwa kufyeka nyasi na kupakia mawe madogo zinafanya kazi vizuri. Udhaifu wake ni mgongo wazi. Pia ule mpira wa asili unaharibiwa na petroli na oili, kwa hiyo usimpe mtu wa msumeno wa mashine au mashine ya kukata nyasi. Huyo mpe zilizopakwa naitraili, zinastahimili mafuta.

Za ngozi na turubai. Kiganja ngozi, mgongo kitambaa kizito. Ndizo wanazotumia wajenzi wengi. Kwa visiki, mawe na magogo zinafaa. Kwenye miiba zinafia mgongoni na kwenye mishono ya pembeni mwa vidole.

Za ngozi tupu. Hapa kuna mambo mawili ya kujua. Kuna ngozi ya tabaka la juu, laini kwa nje, ngumu kupenya na haiwahi kulowa. Na kuna ngozi ya tabaka la chini, ile yenye vinyweleo kama suedi pande zote mbili: nene, nafuu, inavumilia kusuguliwa, lakini inakunywa maji na vidole vinakuwa vizito. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba lakini imara na inakunjika, inafaa kwa anayeshika panga siku nzima.

Ndefu za mafundi wa kuchomelea. Ngozi, ndefu hadi karibu na kiwiko. Ni chaguo langu kwa wavuta matawi ya miiba na wavunaji wa mananasi. Tatizo lake ni joto, kwani nyingi zina bitana nene. Jua la Pwani na bitana nene havipatani, kwa hiyo tafuta zenye bitana nyepesi, au zenye bitana kiganjani tu.

Za mpira au naitraili zisizo na kitambaa, ndefu. Hizi ni za dawa. Mtu akikwambia atapiga dawa ya magugu kwa bomba la mgongoni, usimuuzie ngozi hata kama anaitaka. Ngozi inafyonza dawa na kuishikilia kwenye mkono kutwa nzima, na kesho akiivaa tena anaanza na dawa ya jana. Huo ni mwili wa mtu. Poteza mauzo, usimpoteze mtu.

Jambo jingine: wanaochoma shamba na kuanza kuhamisha magogo yenye makaa wasivae glovu za nailoni zilizopakwa mpira. Zinayeyuka na kugandia kwenye ngozi.

ZILE NAMBA ZA MGONGONI ZINASEMA NINI

Glovu nyingi zina picha ya nyundo ndani ya ngao, juu yake EN 388, na chini mstari wa namba kama 4131X. Wauzaji wengi wanaziona kama urembo. Hizo ni alama za majaribio ya kiwango cha Ulaya, na ukizijua umemzidi mwenzako anayeandika "original" kila posti.

Namba ya kwanza ni kusuguliwa, 1 hadi 4. Ya pili ni kukatwa na wembe wa kuzunguka, 1 hadi 5. Ya tatu ni kuchanika, 1 hadi 4. Ya nne ni kutobolewa, 1 hadi 4. Halafu inaweza kufuata herufi A hadi F, jaribio jingine la kukatwa. Herufi X maana yake jaribio hilo halikufanyika, na 0 maana yake glovu haikufikia hata daraja la kwanza.

Shika hili: namba ya kusuguliwa haipandi mojamoja. Daraja la 1 glovu imevumilia mizunguko 100 ya kusuguliwa, la 2 mizunguko 500, la 3 mizunguko 2,000, la 4 mizunguko 8,000. Yaani 4 siyo mara nne ya 1, ni mara 80. Kwa mteja anayeng'oa visiki au kupakia mawe, hiyo namba ya kwanza ndiyo ya kumwonyesha.

Kwa mteja wa miiba, angalia ya tatu na ya nne. Lakini usimdanganye. Jaribio la kutobolewa hutumia chuma chenye unene wa milimita 4.5, kinene sana kuliko ncha ya mwiba wa mgunga. Glovu yenye 4 ya kutobolewa itasaidia, lakini mwiba mwembamba bado unaweza kupita. Mwambie hivyo. Mteja anayeambiwa ukweli kabla ya kulipa halalamiki baada ya kulipa.

Na usiandike namba ambayo haipo kwenye glovu uliyoshika. Kuna wanaochukua picha mtandaoni ya glovu yenye namba nzuri, mzigo alionao ni mwingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Piga picha ya mzigo wako mwenyewe.

NINAVYOKAGUA MZIGO KABLA YA KULIPA

Ukienda kuchukua jumla, usikubali kufungiwa boksi bila kufungua. Toa jozi mbili tatu kutoka katikati, siyo za juu peke yake, halafu fanya hivi:

Geuza ndani nje. Ngozi halisi kwa ndani ina nyuzinyuzi zake. Ukikuta kitambaa kilichosukwa kimegandishwa nyuma, hiyo ni reksini. Ikipigwa jua itakatika kama karatasi.

Vuta mshono wa kati ya gumba na shahada. Shika pande zote mbili, vuta kwa nguvu. Ukiona mwanga au uzi unafunguka, acha. Hapo ndipo glovu nyingi zinakufa. Nzuri zina kiraka cha ngozi ya ziada eneo hilo.

Angalia uzi. Mishono ya kiganjani iwe miwili, au iwe imefunikwa na utepe wa ngozi. Mshono ulio juu wazi kiganjani ndio unaoanza kuliwa na mpini.

Bonyeza ncha za vidole. Kidole cha shahada na cha kati viwe na unene uleule wa kiganja. Kuna wanaotumia ngozi nyembamba vidoleni kubana gharama.

Nusa. Harufu kali ya kemikali inayochoma pua haiishi haraka, na mvaaji akitoka jasho mkono unaweza kuwasha.

Linganisha kushoto na kulia. Utashangaa jozi ngapi zina mkono mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Omba risiti. Mzigo ukiwa mbovu, risiti ndiyo mdomo wako.

SAIZI: TUMIA FUTI YA FUNDI CHEREHANI

Glovu kubwa ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Mkono wa panga ukiwa na glovu inayocheza, panga linateleza. Hapo utakuta kijana anavua glovu ya kulia na kubaki na ya kushoto.

Kipimo ni rahisi. Mvaaji afungue kiganja, azungushe futi chini ya vidole vinne, bila gumba. Inchi 8 ni saizi 8, inchi 9 ni saizi 9, inchi 10 ni saizi 10. Ikiangukia katikati, kwa ngozi nampa inayobana kidogo, kwa sababu ngozi inalegea ikizoea mkono. Hana futi? Achukue kamba azungushe, kisha aipime kwa rula ya mtoto wa shule. Dakika moja tu, imekuokoa nauli ya kurudisha mzigo.

JOZI YA SHAHIDI

Kila nikileta aina mpya, jozi moja siiuzi. Nampa kijana anayefyeka kwa ujira hapa Lugoba, bure, kwa sharti moja: naandika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito ndani ya glovu, na kila baada ya siku chache ananiruhusu nipige picha. Siku ya kwanza, ya tano, ya kumi, mpaka itakapochanika.

Jozi hiyo ndiyo tangazo langu. Picha ya glovu mpya kila mtu anayo. Picha ya glovu ileile baada ya siku kumi za mkulagembe, chafu, imekunjamana lakini nzima, hiyo wenzako hawana. Na ikichanika siku ya nne napiga picha vilevile, nashusha mahali inapouzwa: naiuza kwa nyasi, siyo kwa miiba.

Shahidi amenifundisha pia kwamba mikono miwili haifanyi kazi moja. Wa kulia unashika panga, unaliwa kiganjani. Wa kushoto unashika na kuvuta matawi, unatobolewa vidoleni na mgongoni. Kwa mtu wa kulia, glovu ya kushoto huwa inatangulia kufa. Kwa hiyo mteja wa kazi ndefu namshauri achukue jozi mbili za aina na saizi moja, ili moja ikifa nyingine ziendelee kuoana kwa mkono. Kwenye timu ya watu watano, wenye mashoto wanakuwa dili: zao zinakufa upande wa pili.

HESABU YA KUMWONYESHA MTEJA

Watu hawakatai bei, wanakataa bei wasiyoielewa. Mimi namwekea kwa siku za kazi. Chukua mfano huu, weka bei zako mwenyewe.

Tuseme kazi ni siku 20. Glovu ya nyuzi ni 2,500 na kwenye miiba inakwenda siku 2. Atahitaji jozi 10, yaani 25,000. Glovu ya ngozi ni 12,000 na inamaliza siku zote 20. Tofauti ni 13,000, kwa mtu mmoja. Ana vibarua watano? Ni 65,000.

Hapo bado hujahesabu siku ambayo kijana amechomwa mwiba ukabaki ndani, mkono umevimba, hajaja kazini. Kidonda cha mwiba wenye udongo ndicho njia ya pepopunda, na mtu wa namna hiyo anahitaji kituo cha afya, siyo majivu. Kwa kibarua, mkono ndio mtaji wake wote.

Utasema, mbona mimi muuzaji napata zaidi nikiuza jozi kumi za bei ndogo? Kwenye karatasi ndiyo. Lakini mteja huyo haji mara kumi. Anakuja mara mbili, ya tatu anakwenda kwa mwingine. Wa ngozi anakuja na jirani yake.

Kwa wenye kampuni na machimbo, ongeza hoja moja: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na OSHA wanakagua. Mwajiri wa aina hiyo hatafuti glovu ya bei ya chini, anatafuta muuzaji mwenye risiti, saizi zote na mzigo usiokatika.

MANENO YA KUWEKA KWENYE POSTI, NA YA KUYAACHA

Acha haya: "Hazitoboki." "Zinazuia panga." "Kinga ya nyoka." Hakuna glovu ya kufyekea inayozuia pigo la panga, na meno ya moma usiyapime kwa glovu. Ukiahidi hayo, unamfanya mtu aingize mkono mahali ambapo angeingiza fimbo kwanza.

Andika hivi: "Glovu za ngozi tupu, ndefu. Kwa kuvuta miiba na kuvuna mananasi. Saizi 9 na 10. Hazifai kwa dawa ya magugu. Hii pichani ina siku ya kumi na mbili shambani Lugoba."

Fupi, ina kazi, ina saizi, ina mwisho wa uwezo wake. Video iwe ya sekunde chache: mkono unakunja ngumi, unashika panga, unavuta tawi la mgunga. Mteja wa mtandaoni hawezi kuigusa glovu, macho yake yaguse kwa niaba ya mkono.

Kusafirisha: mzigo ukitoka Dar, stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kuna mabasi ya njia hii kila siku. Andika namba ya mvaaji juu ya kifurushi, siyo ya mlipaji peke yake. Mpigie anayepokea umtajie basi na saa, maana basi halisubiri mtu Lugoba.

KARATASI NDOGO NDANI YA KIFURUSHI

Glovu nyingi zinauawa na matunzo, kisha lawama inakuja kwako. Mimi naweka kikaratasi chenye mistari minne, kwa mwandiko mkubwa:

Zikilowa, anika kivulini. Jua kali na moto vinakausha ngozi ikawa kama ubao.
Udongo uondoe kwa brashi kavu. Usifue ngozi kwa sabuni ya unga.
Ukitoka kwenye upupu au mnyaa, osha nje ya glovu kabla hujaivua, halafu osha mikono.
Mwiba ulionasa uvute kutoka nje. Tundu dogo lishonwe siku hiyohiyo, kesho litakuwa mpasuko.

Gharama ya kikaratasi ni kama bure, lakini kinaongeza siku za glovu. Na kila siku moja inayoongezeka ni siku ambayo mteja anakutaja vizuri.

Kwa hiyo mtu akikuandikia leo "una glovu ngumu?", usikimbilie bei. Muulize: "Pori lina nini, na nani atavaa?" Kama unauza viatu vya shamba, majembe, mabomba ya dawa au hata mitungi ya maji, lako pia lipo. Tengeneza maswali yako manne, yahifadhi kwenye simu kama majibu ya haraka, uanze kuyatumia kwa oda inayofuata. Na mwenzako anayeuza vifaa mtumie haya, msimu wa kufyeka haumsubiri mtu.